Saa Tano na Nusu Hadi Maskati

Mabawa,
Tanga.
3 Juni 2025

Mpendwa Mama Mdogo Azza,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Macho yanaendeleaje? Namuomba Mungu barua hii ikukute na nafuu. Sisi huku wazima, ila joto.

Najua mwanao Mazin ndiye anayekusomea. Barua nimempa mama aje nayo mkononi, maana kuna jambo ambalo dada yako hatakusimulia mwenyewe.

Ulipompigia simu baada ya Idi ya mfungo, ulimwambia unataka umwone kabla macho hayajazima. Akakujibu kama siku zote, "Maskati mbali, Azza." Alipokata simu hakula. Asubuhi yake akavaa buibui, akaniambia nimpeleke kwa wakala wa tiketi.

Tulimkuta dada mmoja, Praxeda. Mama hakuuliza nauli. Aliuliza, "Mwanangu, kutoka Dar mpaka Maskati ndege inakwenda siku ngapi?"

Praxeda hakucheka. "Si siku, mama. Ni kama kilomita elfu nne. Saa tano na nusu mmeshashuka."

Mama akanigeukia. "Basi la Dar linachukua saa ngapi?"

"Sita," nikamwambia.

Basi hilo hulipanda kila mwaka kwenda kwa kaka Mohsin. Akalia palepale mbele ya watu. "Mume wa Azza kafa sikwenda kuhani! Miaka ishirini na tisa nasema mbali!"

Nadhani Maskati yake ilikuwa ile ya babu, aliyewasimulia safari ya meli, siku na siku watu wanatapika. Na sisi wanawe hatukuwahi kukaa naye tukamweleza. Lawama nasi zinatuhusu.

Pasipoti ilitusumbua wiki tano. Praxeda alipomwambia saa zenu ziko mbele ya zetu kwa saa moja, mama akasema, "Hiyo moja watanirudishia nikirudi." Tulicheka mpaka nje.

Lakini Mama Mdogo, anaogopa, na si ndege anayoiogopa. Jana alikuwa anakunja kanga anazokuletea, mara akasita. "Shemsa, akiwa hajanisamehe?"

Nilimwambia umeshasamehe zamani. Sikuwa na hakika, nilisema tu ili alale. Kwa hiyo nakuomba kwa mapenzi uliyonilea nayo: atakuzungumzia joto, chakula, bei za samaki, kila kitu isipokuwa hilo. Usimsubiri aanze. Kama kuna kinyongo, mwambie, mlie, mmalize, mle Idi hii sinia moja.

Nisalimie Mazin na mkewe. Mume wangu Kombo anakuamkia. Mungu akuhifadhie nuru ya macho yako, na akujaalie umri mrefu wenye afya.

Mazin akimaliza kusoma, mwambie akuwekee kiti karibu na dada yako. Amezeeka, Mama Mdogo. Mpapase uso, utamjua.

Mwanao akupendaye sana,
Shemsa