Mkono Uliorudi Ukumbini

Bakkagata 9,
Eskivik,
Aislandi.

Jumamosi, 14 Machi

Mpendwa Mjomba Hallmar,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na yule paka uliyemrithi pamoja na chumba. Bega lako linaendeleaje? Mama anasema upepo wa huko Esbjerg hulichokoza. Sisi huku hatujambo. Baba yuko baharini tangu Jumanne, Mama ana mafua lakini anakwenda kazini hivyo hivyo, na Bibi amefuma jozi nyingine ya soksi ambayo haina mwenyewe. Mimi ni mzima wa mwili.

Najua ningeweza kupiga simu. Lakini kwenye simu mimi hunyamaza, nawe hunyamaza, halafu Mama hunipokonya akakueleza habari za theluji. Kwenye karatasi angalau huwa nafika mwisho wa sentensi.

Theluji yenyewe ilifunga njia ya mlimani kwa siku nne. Dukani mkate mweusi wa nafaka ya rai uliisha, tukala samaki wa kuponda na viazi bila mkate, na Bibi akalalamika kama vile bahari yote imekauka.

Sasa nikueleze jambo lililonifanya nichukue kalamu. Sinema ya Utepe imefika Eskivik.

Huenda umeona picha zake huko, maana zimebandikwa kila mahali duniani. Ni ile ya shujaa Tyr, mwenye kifua kama mlango wa ghala na meno meupe kuliko ya mtu yeyote aliyewahi kuishi kwenye baridi. Hadithi unaijua, wewe ndiye uliyenipa. Miungu wanataka kumfunga mbwa mwitu kwa utepe mwembamba, wanamwambia ni mchezo tu. Yeye anakubali, ila mmoja wao aweke mkono kinywani mwake kama dhamana. Wote wanatazama chini. Tyr peke yake anauweka. Utepe haukatiki, mbwa mwitu anajua amedanganywa, na mkono unakwenda.

Mji mzima ulikuwa na homa. Tindur, yule wa darasani kwetu anayecheka kabla ya kumaliza utani wake, alikuja na kofia ya vita ya kadibodi yenye pembe, ingawa kila mtu hapa anajua mashujaa wa kale hawakuvaa pembe. Wasichana walijichora utepe wa fedha kwenye viganja vyao. Mwenye duka alisema pua za miungu hao zimenyooka mno, wangetakiwa kufanana na watu wa Eskivik, halafu akanunua tiketi tatu. Na Bergdís, ambaye unamkumbuka kama rafiki yangu, na kwa kweli ndiye pekee, kwa wiki tatu alikuwa akiziba masikio kila mtu alipotaja sinema hiyo, ili asiharibiwe utamu.

Tulikaa pamoja, safu ya sita. Na unajua Sigvaldi anavyoendesha mashine ya sinema. Picha ikitimiza muda wa saa moja, anaisimamisha kwa mapumziko, hata kama mtu yuko hewani anaanguka. Safari hii aliisimamisha wakati kinywa cha mbwa mwitu kimefunguka na Tyr ameingiza mkono mpaka kifundoni. Taa zikawaka. Watu wakapiga kelele wakicheka, wakaenda kupanga foleni ya bisi na lakrisi, zile peremende nyeusi.

Kwenye foleni walikuwa wakibishana, huyu anasema utepe utakatika, yule anasema Tyr atamnyonga yule mnyama kwa mkono wa pili. Tindur akageuka, akaniuliza mbele ya wote, "Haya Profesa, wewe unayelala na vitabu, inakuwaje hapo?"

Sijazoea kuulizwa. Nikajibu tu, kama mtu anayetaja siku ya leo, "Mkono unaliwa. Haurudi tena."

Foleni nzima ikanigeukia. Mtoto mmoja mdogo akaanza kulia. Mjomba, naapa nilidhani wote wanajua. Tulisomeshwa darasa la sita, tukachora na picha. Nilidhani hadithi ya miaka elfu moja haina siri iliyobaki ya kumharibia mtu. Lakini nadhani nilikuwa peke yangu niliyesikiliza siku ile, au wengine walisahau kama ilivyo kawaida. Bergdís alinitazama kama nimemmwagia soda. "Wiki tatu, Eydís," akasema. "Wiki tatu nimeziba masikio."

Tukarudi kukaa. Mkono ukaliwa, kama nilivyosema, na nikasikia watu wakiguna upande wangu. Lakini mwishoni, Mjomba, mhunzi mmoja wa chini ya ardhi akapuliza moto wake kwenye kile kigutu, na vidole vikaanza kuota. Kimoja, kingine, kingine. Vyenye nyama, na kucha. Tyr akakunja ngumi, na ukumbi wote ukasimama. Walipiga makofi na kukanyaga sakafu mpaka bisi zikaruka chini ya viti. Tindur akapaza sauti kutoka nyuma, "Profesa, umeuona ukirudi?" Wakacheka hata watu wazima.

Mimi nilibaki nimekaa. Nilikuwa nalia.

Bergdís aliniona. Tulipotoka nje akaniambia, taratibu tu, "Unanuna kwa sababu hukupatia." Nikafunga koti langu, nikaenda nyumbani. Tangu siku hiyo anakaa na wenye utepe viganjani. Chakula cha mchana nakula maktaba, ingawa hairuhusiwi, na mkutubi hujifanya hasikii nikitafuna samaki mkavu.

Nyumbani nilifanya kosa la pili. Niliingia kwenye ukurasa wa mashabiki, ambako watu wa dunia nzima huandika. Wengi wameipenda sinema hiyo kupita kiasi. Kuna aliyechora mkono ule mara arobaini. Kuna aliyesema ameitazama mara tisa na kila mara hulia kwa furaha vidole vinapoota. Nikaandika ukurasa mzima, kwa heshima, nikieleza kwamba hadithi haiko hivyo, kwamba dhamana inayorudishwa si dhamana. Nilitafuta kila neno kwa uangalifu. Wakanijibu wengi. "Nani amemfungulia mlango huyu mwalimu?" "Bibi, kanywe maziwa ukalale." Mmoja akaweka picha ya mkono unaonipungia.

Lakini kulikuwa na mtu mmoja, sijui ni wa wapi wala kama ni mwanamume au mwanamke, aliyeuliza neno moja tu: "Kwenu ni nani aliyepoteza mkono?"

Nilifunga kompyuta. Hapa Eskivik, ambako kila mtu anajua kilichokupata kwenye winchi, ile mashine ya kuvutia nyavu melini, hakuna hata mmoja aliyeniuliza hivyo.

Kwa hiyo wewe ndiye nitakayekuambia ukweli, maana nimewadanganya wote, na mimi mwenyewe nikiwemo. Nimejifanya nililia kwa sababu wameharibu hadithi. Si kweli. Vidole vilipoota nilivihesabu. Na nilipofika cha tano nilikuwa nimeviona kwenye mkono wako. Nilivitaka, Mjomba. Nilivitaka kuliko mtu yeyote aliyesimama mle ndani. Kama vingekuotea, ungekuwa bado melini na Baba, usingeenda kukaa kwenye ofisi ya bandari ya watu wengine kuhesabu makontena, na Jumapili ungekuwa kwenye beseni la maji moto pale bwawani, ukiwaambia watoto kwamba yule mbwa mwitu aliyeuchukua ameurudisha.

Nilikuwa na miaka mitano nilipokuuliza kama mkono wako utaota tena. Ulisema, "Hapana. Lakini tazama, bado naelea." Ukajilaza chali juu ya maji, na kigutu chako kikatoka nje kama kichwa cha sili. Nilicheka mpaka nikameza maji.

Ndiyo maana naona aibu. Wewe uliniambia haurudi, na hukulalamika, nami nikakaa gizani nikitamani urudi kama watoto wenye kofia za kadibodi. Naogopa ukisoma hivi utaona kwamba nakutazama kama kitu kilichopungua. Sikutazami hivyo. Huku ndiko kulikopungua tangu uondoke.

Nilitaka kuishia hapo, lakini Bergdís ameniandikia ujumbe sasa hivi, wa kwanza tangu siku ile: "Kesho ni onyesho la mwisho. Nina kiti pembeni yangu. Usiseme chochote." Sijui kama ni huruma au amekosana na wale wengine. Barua hii naiacha wazi mpaka kesho.

Jumapili, 15 Machi

Nilikwenda. Sigvaldi akaisimamisha palepale, kinywa kimefunguka. Ukumbi ulikuwa nusu tupu, foleni ilikuwa fupi. Bergdís alinunua lakrisi, akaninyooshea pakiti bila kunitazama. Nikachukua moja, na kwa kuwa mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka, nikamwambia. Nilisema vibaya, nikianzia katikati, na winchi, na beseni, na vidole vitano nilivyovihesabu. Taa zilianza kuzimwa kabla sijamaliza.

Alimeza lakrisi iliyokuwa mdomoni. Halafu akasema, "Mbona hukuniambia? Hallmar ndiye aliyenifundisha kuelea."

Nilikuwa nimesahau, Mjomba. Nilidhani ulikuwa unanifundisha mimi peke yangu. Alisema ulimshika mgongo kwa kigutu, kwa sababu mkono mzima ulikuwa umenishika mimi.

Vidole vilipoota, watu wakasimama. Si wengi kama mara ya kwanza, lakini Tindur alikuwepo, na kofia yake imelegea pembe moja. Bergdís hakusimama. Alikaa, akala lakrisi, akatazama mbele. Tulikaa tu wawili mle ndani, tumezungukwa na migongo ya watu, mpaka taa zikawaka.

Sitakudanganya kwamba mambo yamekuwa mazuri. Kesho sijui atakaa wapi wakati wa chakula. Nilipofika nyumbani nilimjibu yule mtu wa kwenye ukurasa wa mashabiki. Niliandika, "Mjomba wangu." Hajaandika tena.

Nina ombi. Kadi zako huwa na maneno matano kwa sababu, Mama anasema, unaona haya kwa mwandiko wa mkono wa kushoto. Mimi naweza kusoma mwandiko wowote, hilo ndilo jambo pekee ninaloliweza vizuri. Niandikie yaliyopinda. Niambie kama na wewe, wakati mwingine, huwa unavihesabu vile vidole.

Bibi anakusalimu na soksi ni zako, zinakuja na barua hii. Mama anakusalimu na anasema uvae skafu. Baba akirudi nitampa salamu zako hata kama hujazituma. Bergdís hajasema nikusalimu, lakini nadhani angependa. Mkune yule paka nyuma ya masikio kwa niaba yangu. Mungu akulinde na upepo, na akurudishe kwetu hata kwa wiki moja tu ya kiangazi.

Jana asubuhi nilikwenda bwawani peke yangu. Theluji ilikuwa ikianguka kwenye maji moto. Nilijilaza chali na masikio yakazama, nikasikia moyo wangu tu. Nilielea, Mjomba. Je, na wewe huko bado unaelea?

Mpwa wako akupendaye na anayekungoja,

Eydís