Beseni la Udongo Safi

Swahiba, nimekamatwa! Mimi! Na beseni la udongo!

Ule uwanja wa kiwanda cha zamani cha betri, si waliufunika kwa udongo safi ili wajukuu wetu wacheze mbali na sumu ya chini? Majirani wanauchota wakapandie maua! Nimewafokea weee. Leo narudi nyumbani, nakuta mke wangu kajaza beseni.

Nikalibeba kurudisha. KURUDISHA! Nimeinama nimwage, mlinzi huyo: "Mzee, hata wewe?"

"Narudisha, bwana!"

Akacheka mpaka akashika uzio. "Kama ile hadithi yako ya chatu uliyempiga kofi?"

Kesho watoto wanafunguliwa uwanja, shimo alipochota mke wangu liko wazi, na udongo mlinzi kaufungia kibandani kwake. Eti kidhibiti cha wizi!

Njoo uniongelee. Wewe wanakuamini.