Kizibo Kwenye Ubao wa Mzee Kiptoo

Baba, siku zile baada ya harusi nilipozungumza nawe moyoni nilikueleza gauni, keki na kwaya, lakini habari ya ubao wa sataranji nikainyamazia. Niliogopa. Leo naweza kuiandika.

Nimeolewa na Kibet, mtoto wa Mzee Kiptoo. Ndiyo, yule yule jirani yako wa mtaa wetu wa West Indies uliyecheza naye sataranji kila Jumapili baada ya kanisa. Alikuwa akikufungulia mlango na kukuuliza, "Jirani, leo umeleta mfalme ama umeleta mbuzi?" Nawe unamjibu, "Mbuzi. Kwako anatosha." Kibet wakati huo alikuwa wa kujificha nyuma ya kochi. Sasa ni mrefu, Baba, na akicheka nasahau nilichokuwa nasema. Ananichemshia chai ya tangawizi kabla sijaamka. Natamani angekuja kuniomba kwako, umsumbue kidogo, halafu ukubali.

Anatengeneza kompyuta mjini. Penzi lake la pili (la kwanza ni mimi, anasema) ni programu zinazocheza sataranji, ambazo wenyewe huziita injini. Anazipa mafumbo mazito, yale ambayo mweupe anaweza kumfunga mfalme mweusi lakini kwa safari ndefu mno, kisha anangoja aone ni injini ipi itafika mwisho na ipi itaishia njiani. Nyingine zina haraka. Zinaruka njia zinazoonekana za kijinga, na mara nyingi jibu limejificha huko huko.

Unajua ninakoelekea.

Fumbo lako bado limesimama. Jumapili ile kabla ya kura ulilipanga kwenye ubao wa Mzee, ukasema mweupe anashinda. Mzee akasema unabahatisha. Ukavaa kofia yako, ukasimama mlangoni: "Ni mbali, jirani, lakini anafika. Nitakuonyesha Jumapili."

Jumapili hiyo ilipofika, ghasia za kura zilikuwa zimeanza, hakuna aliyetoka nyumbani. Moshi ulikuwa umefunika upande wa mtaa wa Munyaka, barabara zimefungwa kwa mawe na magogo. Pumu yako ilianza, na dawa ya kuvuta ikaisha. Mzee alitoka kukutafutia nyingine hospitalini. Akarudishwa kwenye kizuizi, akajaribu njia nyingine, akarudishwa tena. Bado namwona mlangoni petu, ana kiatu kimoja, mikono mitupu. Nawe ulikuwa umeshatuacha.

Barabara zilipofunguka tulikuzika nyumbani kwetu kijijini, karibu na ziwa. Mzee hakuja. Alimwambia Mama, "Siwezi kusimama mbele yake mikono mitupu mara ya pili. Nitaenda nikiwa na jibu la fumbo lake." Tangu hapo ubao umekaa juu ya kabati lake. Hachezi na mtu yeyote. Anapangusa vumbi mwenyewe, kipande kimoja kimoja, na kukirudisha pale pale ulipokiacha.

Sasa macho yake yanafifia. Tulipoenda kumsalimia baada ya harusi alisema, "Kibet, hizo mashine zako, hebu iulize moja. Nataka kuona jibu nikiwa bado naona ubao."

Nilitaka kukataa, Baba. Je, kama ulikosea? Mashine haina huruma, haikujui, haijui ulikuwa unapiga mluzi ukiwaza. Ikisema hapana, Mzee hatakuja kwako kamwe, na mimi nitakuwa nimekupoteza tena.

Kibet alinakili vipande vyote akaingiza kwenye kompyuta. Injini ya kwanza ikasema sare. Ya pili, sare. Akanishika mkono, akasema hizo ndizo zenye haraka, tungoje ile ya polepole isiyoruka kitu. Siku zikapita. Feni ya kompyuta ilivuma kama posho mill ya kusaga mahindi. Stima ikapotea, tukaanza upya. Hatimaye, Jumamosi mchana, Mzee akiwa amekaa nasi sebuleni kwake, ikamaliza kuchimba. Mweupe hana njia ya kushinda.

Nilidhani Mzee atasema, "Nilijua." Aliinamisha kichwa tu. "Basi kweli alikuwa anabahatisha," akasema, kwa sauti ya mtu aliyefiwa siku hiyo.

Nikaenda kusimama kando ya kabati ili wasione uso wangu. Na pale, Baba, nikaona kizibo.

Unakumbuka? Kila kipande kilichopotea mliweka kizibo cha soda mahali pake. Meno juu ni mweupe, meno chini ni mweusi. "Mweupe anaonyesha meno," ulikuwa ukiniambia, nami nakuonyesha yangu yenye pengo. Kizibo kilichokuwa katikati ya fumbo lako kilikuwa kimelala meno chini, na Kibet alikiandika askari mweusi. Lakini siku ya harusi yetu kina shangazi walishusha ubao na vipande vyake ili wapange sahani za keki juu ya kabati, kisha wakaurudisha; kizibo kingeweza kupinduka.

Nikamuuliza Mzee, "Kabla ya harusi, ulipokuwa unapangusa vumbi, hiki kizibo kilikuwaje?"

Alinyoosha mkono, akakisugua kwa kidole gumba. "Kilikuwa kinanichoma," akasema. "Miaka yote hii kinanichoma hapa."

Kibet alimbadilisha yule askari kuwa mweupe, akaiwasha ile ya polepole. Njia ikiwepo, alisema, huonekana mapema kuliko kuthibitisha kwamba haipo. Hakuna aliyetoka sebuleni. Chai ilipoa. Nilihesabu maua ya kitambaa cha kochi, nikapotea, nikaanza tena, mpaka Kibet akaniita jina langu taratibu.

Mweupe anashinda, Baba. Ni zaidi ya hatua sitini. Mfalme wako anatembea ubao mzima, anarudi pale pale alipotoka, ila sasa ni zamu ya mweusi, na mweusi hana pazuri pa kwenda. Na mwishoni ni kile kizibo kinachovuka na kuwa malkia. Injini ya polepole ya mume wangu iliitafuta alasiri nzima. Wewe uliiona ukiwa na kikombe cha chai mkononi.

Mzee alicheka mpaka machozi yakaingia kwenye ndevu. "Mbuzi wake amefika," akasema.

Lala vizuri, Baba yangu. Kabla mwezi huu haujaisha tutakuja, mimi na Kibet na Mzee, na ubao kwenye mapaja yake njia nzima asimruhusu mtu kuugusa. Tutaupanga kando ya kaburi lako. Mimi nitakusogezea vyeupe. Mzee atacheza vyeusi, hatua kwa hatua mpaka mwisho, ingawa ameshajua atashindwa. Anasema ulimwahidi Jumapili, kwa hiyo tutakuja Jumapili.