Dakika Sita Mlangoni kwa Makori

Alhamisi jioni. Mvua ya mawe imetwanga majani chai yangu tangu saa tisa, na kwa mara ya kwanza sijatoka hata kuchungulia hasara. Mama Sarange, mke wangu, ameniletea uji mara mbili, na mara mbili amekuja kuuchukua ukiwa umepoa.

Ninaogopa. Haya, nimeshaandika, tuendelee.

Wale wachache mnaonisoma mnajua kwamba tangu mwezi uliopita ninajifunza kuwa afisa wa polisi jamii huku kwetu Birongo: raia anayesaidia kituo, hana bunduki, ana koti la kung'aa, filimbi na daftari. Koti lenyewe lilishonewa kijana. Mimi na miaka yangu hamsini na mitatu, zipu inafika kitovuni inakata tamaa. Siku ya mazoezi nilikuwa wa mwisho kuzunguka uwanja, nyuma ya mama mmoja muuza ndizi aliyekimbia na leso kiunoni huku akinigeukia: "Kaza mwendo, mzee, mwizi ameshafika Ogembo!" Nilicheka na wenzangu. Nilidhani kukimbia ndiyo sehemu ngumu.

Jumatatu ninatarajiwa kula kiapo.

Leo saa nne asubuhi nilikuwa shambani, jirani aliponiita kutoka njiani: "Afisa! Kwa Makori kunawaka, anampiga mkewe!" Makori ni mtoto wa kaka yangu mkubwa, Ombati. Anaishi na mkewe Kwamboka ng'ambo ya kijito, mwendo wa dakika tano, kwangu mimi kumi. Nikavaa koti, nikanyakua mwavuli, nikapiga simu kituoni nikiwa njiani kama tulivyofundishwa. Wakasema wanakuja, ila barabara ni tope tangu mvua ya jana.

Mlango wa Makori ulikuwa umerudishwa tu, haukufungwa. Ndani Kwamboka alikuwa akilia, na kitu kizito kilikuwa kikigonga ukuta.

Nikasimama.

Kwa msomaji asiye wa huku: kwetu baba haingii katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Hata chai ataletewa nje. Heshima hiyo tunaiita chinsoni, na mtoto wa kaka yangu ni mtoto wangu. Tangu Makori aoe sijavuka kizingiti kile. Sijui hata viti vyake vina rangi gani. Wakufunzi wetu, vijana waungwana waliotoka mbali, walitufundisha kuongea na mtu mwenye hasira, kujiepusha na panga, kuandika saa. Habari ya kizingiti hawakuijua, nami sikuwauliza.

Basi nikapaza sauti. "Makori! Toka nje, mwanangu, tuongee!" Nikapuliza filimbi. Hebu nifikirieni, mzee mzima anapuliza filimbi mbele ya mlango usiofungwa.

Kwamboka akanisikia. "Baba, ingia! Ataniua!"

Mkamwana wangu, ambaye kwa adabu zetu hanitazami hata usoni, ndiye aliyenikaribisha. Na bado nikasimama.

Niliangalia saa nilipofika, kwa ajili ya daftari. Niliiangalia tena nilipoingia. Dakika sita. Ndani ya hizo sita mkono wa kushoto wa Kwamboka ulivunjwa. Nilisikia kilio kikibadilika, na hapo ndipo miguu yangu ilipokubali.

Makori aliponiona ndani ya nyumba yake aliachia kigoda alichokuwa amekishika, akakaa chini ameduwaa, kana kwamba mimi ndiye niliyefanya jambo baya. Kwamboka alikuwa sakafuni. Kumshika mkamwana nikashindwa. Nikamnyooshea mpini wa mwavuli, akaukamata kwa mkono mzima, nikamwongoza nje namna hiyo.

Polisi walifika, wakaondoka na Makori. Kwamboka amefungwa plasta, yuko kwa mama yake. Kesho saa tatu tunakutana kituoni, mimi na yeye, kuandikisha taarifa.

Mchana Ombati alikuja. Hakukaa.

"Wewe mtoto wa mama yangu," akasema, "umeingia kwa mwanangu watu wakiona. Sawa, tutachinja mbuzi, litaisha. Lakini kesho andika kwamba ulimkuta ameanguka. Mkono ukavunjika kwa kuanguka. Nami sitamwambia mtu ulisimama pale nje muda gani. Jirani ameshanieleza."

Ombati ameuza ndizi sokoni Keumbu tangu ujana wake. Anajua kumpima mnunuzi kwa macho. Sitadanganya hapa: nilivutiwa. Nilitaka kusema ndiyo. Nikamwambia nitafikiria, na kusema hivyo tu kumenitia aibu mpaka sasa.

Nikamweleza Mama Sarange yote, nikitumaini atanihurumia. Aliendelea kuchambua mboga. Binti yetu Sarange ameolewa Nyamira.

"Kule Nyamira," akasema, "baba mkwe wa Sarange akisimama nje dakika sita, utamsifu kwa heshima yake?"

Akaenda zake jikoni. Huyo ndiye mwanamke niliyemwoa.

Nimefungua daftari, nimeandika: Nilifika saa nne na dakika kumi na mbili. Niliingia saa nne na dakika kumi na nane. Makori alimvunja mke wake mkono nikiwa mlangoni, nikisikia. Nimeifuta hiyo sentensi ya mwisho mara tatu, na mara tatu nimeirudisha.

Huenda Jumatatu nisile kiapo chochote. Huenda Ombati asinisalimie tena, hata kwenye mazishi. Lakini kesho Kwamboka atakuwa ameketi kando yangu, na dakika zile anazijua kuliko saa yangu. Nitaisoma sentensi hiyo kwa sauti, mbele yake, kabla afisa hajaniuliza.

Sijui kama ataniita Baba baada ya hapo.