Kigoda cha Mpokeaji

Maalim wangu Shomari,

Desturi ni kuanza kwa kusema mie mzima, hofu ni kwako uliye mbali. Lakini wewe umeshamaliza hofu zote, kwa hiyo safari hii hofu iache huku kwangu. Ninayo sababu.

Baraza yetu ya Temeke ipo palepale, na meza, na kidau cha wino. Watu bado wanakuja kuandikiwa barua, ila wakishakaa huuliza, "Maalim yuko wapi?" Nikiwaambia umefariki hunitazama kama mie ndiye niliyekuua. Kisha huagiza barua fupi.

Sasa nikwambie kosa langu, ulisikie kwangu kwanza. Wazee wa mtaa huu wanakufuata mmoja mmoja, na hakuna hata mmoja mwenye siri.

Unakikumbuka kile kigoda cha pili. Nikimaliza kuandika, ulikuwa unahama kitini kwako, unakaa kigodani, unajifanya ndiye mpokeaji. Nasoma, unanikatiza: "Kwa nini?" "Nani huyo?" "Kabla au baada?" Nami natia "kwa sababu", natia "yule niliyemtaja", natia "baada ya hapo", mpaka unyamaze. Ukisema, "Kondo, habari zisizoshikana ni shanga bila uzi. Atakayezipokea atazitunga apendavyo yeye."

Mie niliona ule ni mchezo wa mtu mzima. Ulipozikwa, kigoda nikakifanya cha kuwekea birika. Tena vita hii imeadimisha karatasi; nikasema vineno hivi vinakula nafasi bure. Nikavifyeka.

Akaja Bi Mwanaidi, yule mpika vitumbua, ambaye mumewe Salum anakata mkonge huko Kilosa. Alizungumza robo ya asubuhi. Nikamfupishia hivi, nakala ninayo: "Nyumba ya mama yako imeanguka. Fundi Mrisho analala kwetu. Mama hana usingizi. Nimefurahi sana. Usije sasa."

Kila neno kweli tupu, Maalim. Hata nilijisifu.

Karani wa shamba akamsomea Salum mbele ya wenzake, wakacheka mpaka wakakaa chini. Salum akapanda gari moshi, akashukia Pugu ili asionekane stesheni ya mjini, akaja kwa miguu na bakora mkononi. Bi Mwanaidi alipomwona akatupa upawa akakimbia. Akakimbilia wapi? Kwangu. Mume nyuma yake, na mtaa mzima nyuma ya mume.

"Kondo," aliniambia akitweta, "talaka yangu ipo kwenye barua yako. Mwambie huyu nilichokwambia mie, siyo ulichoandika wewe."

Nikaondoa birika. Nikamkalisha Salum kigodani, nikasoma upya. Naapa hakufundishwa na mtu, maswali yalimtoka yenyewe.

"Fundi analala kwetu kwa nini?"

Nikatia: kwa sababu ndiye anayeijenga upya nyumba ya mama yako, na kwao ni mbali, Kisarawe. Analala barazani. Mama yako naye, kwa vile nyumba hana, analala chumbani na mkeo. Lakini usingizi hapati, maana fundi huyo anakoroma.

"Na hiyo furaha?"

Ya ukuta. Umefika madirishani. Kwa hiyo usije sasa, kwani pa kukulaza hapana.

Salum akaiweka bakora chini polepole, kama mtu anayeshusha yai. Hapo mama yake akafika akihema, akamtazama juu mpaka chini. "Umetoka Kilosa na bakora, mwanangu? Mie nilikuwa nangoja makuti."

Kuta zilikuwa zimekwisha tangu barua iende, na kesho yake Salum alikuwa juu ya paa anaezeka. Usiku akalala barazani na Mrisho, na anathibitisha kuwa fundi anakoroma.

Birika sasa linakaa chini. Nakuahidi haitatoka barua hapa kabla haijapita kigodani, hata karatasi ikiisha nikaandika kwenye makuti.

Na hii nimeisoma mbele ya kigoda kitupu, nikakusikia: "Kwa nini unamwandikia maiti, Kondo?" Kwa sababu tangu uondoke hakuna anayenikatiza vizuri.

Pumzika, Maalim. Ukiwa na swali jingine, liweke mpaka tuonane. Wala sina haraka.

Mwanafunzi wako,
Kondo