Mzee Aliyeshika Koleo

2 Juni

Shikamoo baba,
Mgongo vipi? Mimi mzima. Baba, nimepata! Kile kipindi cha Jumamosi cha vichekesho na muziki kwenye televisheni, nimepewa igizo langu, nimetunga mwenyewe. Nacheza msimamizi wa ujenzi mwenye kiburi. Kinarushwa moja kwa moja, hakuna kurudia. Watu wasipocheka, bosi kasema narudi kushona nguo za waigizaji. Njoo. Kiti cha mbele ni chako.
Mwanao

5 Juni

Marahaba mwanangu,
Mgongo bado unabeba. Barua yako nimewasomea vibarua wenzangu saiti nzima. Fundi mkuu anataka kiti na yeye. Nimemwambia azae msanii wake. Shati nimefua. Nakuja.
Baba yako

12 Juni

Mwanangu,
Hujambo? Mimi sijambo, aibu tu. Umenyamaza, sikulaumu.
Nilikaa vizuri. Mwimbaji kaimba, nikapiga makofi. Ukaingia na kofia yako, nikamwambia wa pembeni, huyo wangu. Tatizo yule jamaa aliyecheza kibarua. Anamwaga maji kwanza! Kokoto hana! Koleo kashika kama mwiko. Mimi miaka thelathini nachanganya zege. Miguu ikaenda yenyewe. Kushtuka, niko jukwaani, koleo ninalo mimi.
Ukanifokea, "We mzee, nani kakuajiri?"
Nikakujibu ninavyowajibu wasimamizi wote, "Huyohuyo aliyekuajiri wewe usiyejua kazi."
Ukumbi ukalipuka kelele. Nikajua nazomewa. Nikatokea mlango wa nyuma, nikapanda basi, nyumbani. Kama umerudishwa kwenye sindano, sema. Nije nimwangukie bosi wako.
Baba yako

15 Juni

Shikamoo baba,
Unazomewa wapi! Watu walicheka mpaka machozi! Mpiga ngoma kadondosha vijiti. Nilikutafuta mpaka chooni. Sikuandika kwa sababu tangu Jumapili natunga tu: nimepewa igizo kila wiki, baba! Kila wiki! Ila bosi ana sharti. Anataka na yule mzee. Utakuja?
Mwanao

18 Juni

Marahaba mwanangu,
Nimeomba ruhusa za Jumamosi zote. Fundi mkuu kanuna, atazoea. Mwambie bosi wako na mimi nina sharti. Nilionja ile saruji yenu, ni unga wa ngano. Nataka saruji ya kweli, na mchanga uchekechwe.
Halafu mbele za watu usinifokee sana, mimi ni baba yako.
Hapana. Nifokee. Nitakujibu.
Baba yako