Aina Arobaini na Moja za Samaki wa Bwawa la Karanjwadi

Jumanne, 8 Januari 2019

Siku ya sita ya nyavu. Aina ishirini na sita tu za samaki, na nusu ya uzito ni perege wa mkandarasi aliyekodi bwawa. Profesa Bapat, msimamizi wangu, hajatia hata kidole majini. Yuko chini ya mwavuli, anauliza, "Vaishali, tumefika arobaini?" Arobaini! Kama anaagiza mayai.

Miaka kumi iliyopita zilikuwa thelathini na nne. Wavuvi wanasema perege wamewamaliza wenzao. Idara ya uvuvi imeahidi: hesabu ikishuka, mkandarasi atazuiwa kumwaga perege wengine. Ikipanda, aendelee. Ndiyo maana anatuletea nyama ya mbuzi kila mchana. Profesa analamba vidole. Na mimi nimekula, nisijifanye malaika.

Jumatano, 9 Januari

Ishirini na saba. Kambare mmoja mdogo. Basi.

Ijumaa, 11 Januari

Gulioni. Profesa na ndoo — eti ananunua sampuli! Mama Sakhubai, muuza samaki na kiongozi wa wavuvi, akamwapia kwa jina la mamake: wote wa bwawani, wa asubuhi hii. Kila muuzaji hapa huapa hivyo. Hata mtoto anajua samaki hao wanashushwa na lori la barafu kutoka jimbo la Andhra, mbali huko. Profesa wa samaki hajui! Au anajua. Akabeba aina kumi na nne mpya bila hata kupatana bei.

Sakhubai akanikonyeza. "Bwana mkubwa wako ana tumbo! Atawala wote hao?"

Nikacheka. Sikumwambia hawaendi jikoni. Mwoga mimi.

Jumamosi, 12 Januari

Arobaini na moja. Ripoti imeshachapwa. Sahihi mbili zinatakiwa. Yake ipo, yenye madoido. Tasnifu yangu iko mezani kwake, haijasainiwa. "Wewe kwanza, binti, kisha mimi," anasema huku anachokonoa meno. Mtu mzima hovyo!

Sakhubai na wenzake wako barazani, wamekuja kusikia hesabu. Akanichungulia dirishani: "Msomi wetu! Wamepungua, eh? Sema tu, msiba tumeuzoea."

Nikamwambia: orodha ina samaki wako wa jana, mama. Alikodoa macho. Kisha akakaa sakafuni. "Lakini mimi niliapa tu vile tunavyoapa!"

Nimejifungia chooni na karatasi ya sahihi. Nimeandika Vaishali. Jina la ukoo bado. Profesa anagonga mlango.